Naomba ushauri: nafaka ninayochachusha kulishia kuku inaota utando mweupe kwa joto la Tanga

Habari zenu wafugaji. Kuku wa kienyeji 20, hapa Tanga mjini. Ndoo ya lita 10: mahindi yaliyoparazwa kilo 2, mtama kilo 1, maji yapite nafaka vidole vitatu maana inafura. Maji ya bomba nayalaza usiku kucha kwanza, klorini inadumaza bakteria wa uchachu. Kifuniko hakikazwi, nakoroga asubuhi na jioni.

Siku ya pili harufu ni ya togwa na mapovu yanapanda, safi kabisa. Siku ya tatu utando mweupe unatanda juu, harufu inaelekea pombe. Ukungu wenye manyoya, wa kijani au mweusi, ni kumwaga ndoo nzima, kwani sumukuvu haiondoki kwa kuengua. Huu utando wangu ni laini, bapa, nadhani ni hamira ya porini.

Je, niuengue nilishe, au nisivuke saa 36? Kubakiza kikombe cha maji ya zamani kuanzishia ndoo mpya, ndiko kunakozidisha ukali? Na vifaranga wa wiki tatu mnawaanzishia kiasi gani? Dagaa nachanganya wakati wa kulisha tu, ndani ya ndoo wanaoza.