Nataka kukata kebo hapa Dallas, antena inatosha kweli?

MamaZai:
Wakuu habari za wikiendi. Naomba mnisaidie kabla sijapiga simu nikajuta. Tupo Lewisville, apatimenti ghorofa ya pili, kebo tunayo tangu tuhamie. Tulianza na ofa ya dola 89 pamoja na intaneti, saa hizi bili imefika 214 na sijaongeza hata chaneli moja! Jana nimekaa na karatasi na kalamu nikakuta ada ya king'amuzi mara mbili maana tuna TV mbili, kuna ada ya michezo, halafu kuna nyingine nimepiga simu kuuliza ni ya nini wakaniambia ni ya zile chaneli za kawaida zinazorushwa hewani bure. Za bure jamani, na mimi nazilipia. Kampuni siitaji, tuna mkataba nao mpaka mwisho wa mwezi.

Tunachoangalia chenyewe ni hiki: habari za hapa jioni, baba watoto na Arsenal yake, watoto katuni, na mama mkwe yupo kwetu toka mwezi wa tatu (ni wa Voi), yeye bila taarifa ya habari ya Citizen halali. Dada mmoja kanisani kaniambia nunua antena ya dola 25 yamekwisha. Mimi antena ninayoijua ni ile ya nyumbani, kaka yuko juu ya bati anazungusha bomba sisi chini tunapiga kelele hapo hapo, umepitiliza, rudisha kidogo. Nyie mnaotumia huku vipi?

Fundi_Arlington:
Dada kata. Mimi mwaka wa 6 huu sina kebo.

Raha ya Dallas ni kwamba minara ya vituo vikubwa karibu yote imerundikana sehemu moja, Cedar Hill, kusini magharibi ya jiji. Wewe Lewisville ni kama maili 30 na kitu, na kwako mnara upo kusini moja kwa moja, kwa hiyo swali la kwanza, una dirisha au baraza inayoangalia kusini? Kama ipo umeshinda nusu ya vita. Zile antena bapa kama karatasi watu wanabandika kwenye kioo halafu wanalalamika hazishiki, kumbe vioo vya apatimenti nyingi mpya huku Texas vimepakwa utando mwembamba wa madini wa kuzuia joto na utando huohuo unakaba mawimbi. Sogeza ukutani pembeni ya dirisha au toa nje barazani.

Sasa kitu wengi hawaambiwi dukani. Chaneli 4, 5 na 11 (Fox, NBC, CBS) namba unayoiona kwenye TV siyo masafa yao halisi, zote zinarushwa UHF (masafa ya juu, mawimbi mafupi) na hizo antena ndogo zinazinasa vizuri. Ila chaneli 8, WFAA ya ABC, yenyewe ipo VHF kweli (masafa ya chini ya hayo), mawimbi yake ni marefu, na antena bapa nyingi haziyawezi hata boksi liandike maili 200 (hizo maili ni uongo mtupu, dunia yenyewe ni mviringo). Chukua ile yenye masikio mawili ya kuvuta, ya kizamani. Bei hiyohiyo.

TV yoyote ya miaka ya karibuni ina kipokezi chake ndani, analojia huku ilizimwa 12 Juni 2009, kwa hiyo king'amuzi huhitaji. Kwenye menyu chagua antena usichague kebo, ukikosea hapo itatafuta mpaka kesho isipate kitu. Na bustaa (kile kifaa cha kuongeza nguvu ya signali) usinunue kwanza, signali ikiwa kali bustaa inaiharibu.

Mzee_wa_Irving:
Fundi umesema vizuri ila msimdanganye dada wa watu, antena ni bure lakini Arsenal siyo bure. EPL (ligi kuu ya Uingereza) huku haki ni za NBC toka 2013, mechi chache ndio zinawekwa NBC yenyewe ya hewani, nyingine Peacock (ya NBC, ya kulipia mtandaoni), nyingine USA Network ambayo ni chaneli ya kebo na antena hainasi. Shemeji akitaka kila mechi ataanza Peacock, halafu atasema tuchukue na YouTube TV (siyo YouTube ya bure, hii ni chaneli za kebo za kulipia kwa intaneti). Hiyo mimi nimeanza nayo 2017 ikiwa dola 35, Januari 2025 ikawa 82.99. Ongeza ya katuni, ongeza ya filamu, unarudi kulekule kwenye 200 ila sasa una bili tano badala ya moja na neno la siri hulikumbuki hata moja.

Nachokushauri kaeni na mzee mezani mkubaliane, Peacock tu, na mechi ya USA Network akaangalie kwa jamaa. Na intaneti usiikate pamoja na kebo kwa hasira, mimi nilikaa siku nne bila.

Neema_G:
Dada kwa watoto usilipe kitu. PBS (televisheni ya umma) chaneli 13 wana chaneli ndogo ya pili ya katuni mchana na usiku, inanaswa na antena hiyohiyo. Tubi na Pluto TV za mtandaoni pia bure, matangazo tu. Mama mkwe mwekee YouTube kwenye TV, Citizen wanarusha laivu, ila mwambie kabisa habari ya saa tatu usiku ya kwao huku ni mchana asije akakaa usiku anasubiri.

Pia kama mwenye nyumba ataleta za kuleta kuhusu antena barazani, kuna kanuni ya FCC (mamlaka ya mawasiliano ya Marekani) ya toka 1996, baraza unayoitumia peke yako hawawezi kukukataza hivihivi. Paa na ukuta wa nje hapo ni mali ya wote usiguse.

MamaZai:
Narudi na majibu wapendwa. Nimenunua ya masikio, dola 19. Nimeskani nikiwa nimeiweka nyuma ya TV zikaja chaneli 31, ya 8 hakuna. Nikaiweka barazani juu ya ndoo ya mkaa, masikio nimevuta yote nikayalaza kama bawa la ndege, zikaja 74, na ya 8 ipo safi mpaka naona vipodozi vya mtangazaji. Nyingi ni za Kispaniola na za kuuza masufuria lakini zipo.

Simu ya kukata imechukua dakika 50, wakanipeleka kwa kijana mmoja mpole sana akashusha mpaka 120. Nilibaki kidogo nikubali. Intaneti nimeacha peke yake, 65. Baba watoto Peacock amekubali ila kwa kununa.

Swali la mwisho, ving'amuzi nirudishe kwa posta au?

Fundi_Arlington:
Peleka mwenyewe dukani kwao, piga picha namba za nyuma, risiti usiitupe. Mimi nilituma kwa posta wakanidai 150 miezi minane baadaye.

Mzee_wa_Irving:
Juu ya ndoo ya mkaa 😂😂 siku ya kuchoma nyama je?

MamaZai:
Siku hiyo hatuangalii TV shemeji.