Uzalendo na utaifa: nitumie mfano gani?

Mtahiniwa_VI: Shikamooni wakuu. Notisi zangu zinasema uzalendo ni kupenda nchi yako, utaifa ni kuchukia za wengine. Mbona TANU nayo inaitwa chama cha utaifa? Nisaidieni mfano wa kihistoria.

Kaliua: Marahaba. Hiyo ya "kuchukia" ifute. Utaifa ni dai la kisiasa: watu fulani ni taifa, kwa hiyo wajitawale. Uzalendo ni wajibu kwa nchi, sheria zake na watu wake, hata kama uhuru ulishapatikana zamani. TANU ya 1954 ilikuwa na vyote viwili. Mvutano huanza pale mnapoulizana nani yumo ndani ya taifa.

Chukua Tabora, Januari 1958. Waingereza waliweka kura tatu: kila mpigakura alilazimika kuchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Nyerere aliushawishi mkutano wa TANU ushiriki hivyohivyo. Zuberi Mtemvu akajitoa, akaanzisha chama chake, ANC (African National Congress ya Tanganyika, si ile ya Afrika Kusini), kwa msimamo wa Afrika kwa Waafrika. Usimwite msaliti lakini, wasahihishaji hawapendi. Uhuru aliupigania uleule. Mwaka 1962 aligombea urais akapata chini ya asilimia 2.

Bwana Hansadi: Mfano wa Kaliua ni mzuri, ila wenye nguvu zaidi ni mjadala wa uraia bungeni, Oktoba 1961. Baadhi ya wabunge walitaka uraia ufuate rangi. Nyerere alikataa kata kata, akasema serikali yake iko tayari kujiuzulu. Sheria iliyopita iliangalia mahali alipozaliwa mtu na mzazi wake, si rangi. Hapo utaifa wa asili (taifa ni damu na rangi) na utaifa wa kiraia (taifa ni raia wake wote kisheria) unauona ana kwa ana, na huu wa pili ndio unaokaa jirani na uzalendo.

Mtahiniwa_VI: Na Idi Amin 1972 anafaa?

Kaliua: Anafaa, ila wengi hukosea hapa. Wanaandika "aliwapa Waasia siku 90 waondoke" wakaishia hapo. Kufukuza wageni peke yake kunaweza kujadiliwa kama sera ya uhamiaji tu. Eleza kwamba hata Waasia wenye uraia wa Uganda walitakiwa kuhakikiwa nyaraka, wengi wakakataliwa, wakabaki bila nchi. Hilo ndilo linaloonyesha kuwa asili ilishinda uraia.

Bwana Hansadi: Na Mwenge wa Uhuru usiuweke kama hoja. Ni alama, kila upande unaweza kuubeba.