Naombeni ushauri: kuizunguka Pemba kwa gari, siku nne zinatosha?

Kijana_wa_Moro:
Wakuu, salaam. Mimi na mke wangu tunataka kwenda Pemba mwezi wa tisa. Unguja kila aliyekwenda anarudi na picha zilezile za Nungwi. Mpango wangu ni kushuka na boti Mkoani, kukodi gari, kisha kuufuata ufukwe mpaka tuumalize mzunguko na kurudi Mkoani. Kwenye ramani kisiwa kina urefu wa kama kilomita 67 tu, kwa hiyo naona siku nne ni nyingi. Njia ipi nzuri? Gari gani? Na kuna cha kuona kweli, au ni mikarafuu mitupu?

Bahari_Shwari:
Mkuu, nenda Unguja tu. Pemba saa tatu usiku mji umeshalala.

Mpemba_wa_Mtambile:
Na wanaotaka kulala mapema waende wapi? 😄

Ndugu mwenye uzi, karibu kwetu, lakini hiyo njia ya kuufuata ufukwe haipo. Pwani ya Pemba imekatwakatwa na hori na mikoko, ndiyo maana barabara kuu imepita katikati, juu ya vilima: Mkoani, Mtambile, Chake Chake, hadi Konde. Ni mfupa wa samaki. Vizuri vyote viko kwenye miba ya pembeni, unaingia na kurudi kwa njia uliyoingilia. Hapo hesabu ya kilomita 67 haikusaidii kitu, utaendesha mara kadhaa ya hizo.

Mimi ningefanya hivi. Ukishuka Mkoani usikimbilie kaskazini, lala Chake. Asubuhi nenda Pujini ukaone magofu ya ngome ya Mkama Ndume, mtawala wa kale wa huku. Usitegemee makuta marefu, mengi yameliwa na vichaka, ila mtafute mzee wa pale akuhadithie ukatili wa yule bwana, hapo ndipo utapata thamani ya safari. Siku inayofuata nenda kisiwa cha Misali kwa boti kutoka Wesha. Gari liache lipumzike.

Siku zinazobaki zote zipeleke kaskazini. Chake kwenda Wete pita barabara ya zamani, si ile kuu. Ina kona, mabonde ya mpunga, na mikarafuu inakufunika huku na huku. Uliza kwanza hali yake siku hiyo. Njiani kuna Kidike, kwenye wale popo wakubwa wa Pemba ambao hawapatikani kwingine duniani. Nenda jioni wakianza kuruka.

Kijana_wa_Moro:
Asante sana mkuu, umeniokoa. Vipi huko kaskazini kabisa? Na pikipiki haitafaa?

Ukhti_wa_Wete:
Pikipiki kwa mtu na mkewe na mabegi, na mvua ya Pemba haipigi hodi? Chukueni gari lililoinuka kidogo. Muhimu mwenye gari awape karatasi zake zote, polisi wa njiani wanauliza. Mafuta jazeni Chake au Wete kabla ya kuingia Konde.

Ukitoka Konde unaingia msitu wa Ngezi, barabara inapita ndani kwa ndani na ghafla jua linapotea. Simameni ofisini mlipe, mpewe mtu wa kuwatembeza. Ukitokea upande wa pili ni Makangale, penye fukwe mbili: Vumawimbi iko mashariki, nyeupe na mara nyingi haina mtu, Verani iko magharibi, huko ndiko jua linakozama. Mwisho wa yote ni mnara wa taa wa Ras Kigomasha, wa mwaka 1900. Kwa heshima ya Mpemba wa Mtambile, mimi Pujini ningeiruka na kulala usiku mbili Makangale.

Shemeji yetu aje na kanga au mtandio. Ufukweni kwenye hoteli vaeni mnavyotaka, ila kijijini na sokoni mjisitiri. Watu hawatawasema usoni, lakini watawaona.

Mpemba_wa_Mtambile:
Pujini huiruki wewe! Haya, tumsamehe, ni wa Wete.

Nyongeza: mwezi wa tisa mtakuta karafuu zimeanikwa kwenye majamvi hadi kando ya lami. Endesha polepole, usizikanyage, hiyo ni ada ya shule ya mtoto wa mtu. Kupiga picha omba kwanza. Na msinunue za gunia njiani hata mkibembelezwa. Magendo ya karafuu kwetu si mzaha, mtaharibu fungate.

Kijana_wa_Moro:
Si fungate mkuu, tuna watoto watatu, tumewaachia bibi yao 😂 Basi nimebadilisha: Chake usiku mmoja, Makangale mbili, Wete mmoja. Misali nimeitoa, mke wangu hapendi boti ndogo.

Ukhti_wa_Wete:
Hapo sawa. Siku ya Wete amkeni mapema mpite Tumbe, mkaone samaki wakishushwa. Na kabla hamjalipia gari angalieni ratiba ya boti ya kurudi, haiji kila siku.