Kikundi cha ukoo: mara nne tarehe 9 Novemba

Baraka: Shikamooni wakubwa. Nimetumiwa hii: "UJERUMANI, 9 NOVEMBA! 1918 Kaisari anaondoka madarakani. 1923 Hitler anajaribu kupindua serikali Munich. 1938 masinagogi yanachomwa. 1989 Ukuta wa Berlin unafunguka. Nchi moja, siku moja, mara nne! Tuma kwa watu kumi." Kweli au ni zile zile?

Shangazi: Marahaba. Hizi za watu kumi si ulikatazwa?

Mjomba: Marahaba. Safari hii ni kweli, zote nne. Watu kumi tu ndio wa kuongezwa.

Zuhura: 😂😂

Baraka: Sasa mjomba, hiyo siku ina nini? Si bure.

Shangazi: Nuksi.

Mjomba: Nuksi gani, dada. Angalia 1923 na 1938. Jaribio la Hitler lilishindwa, wafuasi wake kadhaa wakapigwa risasi wakafa. Alipokuja kushika nchi akawa anawafanyia kumbukumbu kila mwaka, hukohuko Munich, tarehe ileile. Ndiyo maana 1938 vigogo wa chama walikuwa ukumbini pamoja, mara jioni ikaja habari kwamba mwanadiplomasia wao aliyepigwa risasi Paris na kijana Myahudi amefariki. Goebbels, waziri wa propaganda, akasimama akawachochea. Wakapiga simu mikoani usiku huohuo.

Mjomba: Yaani hiyo ya 38 imezaliwa na ya 23.

Zuhura: Kwa hiyo kumbukumbu ingekuwa mwezi wa tatu, Wayahudi wangesalimika?

Mjomba: Wapi. Mtu akishakuchukia kisingizio hakosi. Ingebadilika tarehe tu.

Shangazi: Na ukuta nao umezaliwa na nani?

Mjomba: Na mtu asiyesoma karatasi yake 😄 Schabowski, msemaji wa chama Ujerumani Mashariki. Alikabidhiwa masharti mapya ya kusafiri akiwa anaelekea kwa waandishi wa habari, na kikao kilichoyajadili hakukaa. Akaulizwa yanaanza lini. Akapekua makaratasi, akajibu kwa ajuavyo yeye ni sasa hivi, bila kuchelewa. Kumbe yalikuwa yaanze kesho yake, tena kwa kuomba kibali. Watu wakasikia, wakamiminika mpakani. Walinzi hawana amri ya kufungua wala ya kufyatua. Kabla ya saa sita usiku geti la Bornholmer Strasse likaachiwa.

Shangazi: Angeisoma vizuri ingekuwa 10 Novemba.

Baraka: Na mimi nisingekuwa na meseji 😅

Zuhura: Basi sikukuu yao ya taifa si ndiyo leo, 9 Novemba?

Mjomba: 3 Oktoba, siku walipoungana 1990. Hii ya 9 Novemba wapo walioitaka, lakini utapigaje fataki siku masinagogi yalipochomwa?

Babu: MMEMSAHAU NAPOLEON. 2 DESEMBA. 1804 KAVISHWA TAJI. 1805 KASHINDA VITA AUSTERLITZ. 1851 MTOTO WA MDOGO WAKE KAPINDUA SERIKALI. 1852 NAYE KAWA MFALME MKUU

Zuhura: Shikamoo babu. Herufi kubwa zimewaka.

Babu: MARAHABA. NAJUA. NDIZO NINAZOZIONA

Mjomba: Hiyo ya Babu ni kali. Yule kijana hakuangukiwa na tarehe, aliichagua makusudi. Alitaka watu wakiamka wamwone baba yake mkubwa.

Baraka: Ninayo nyingine. Waandishi Shakespeare wa Uingereza na Cervantes wa Hispania walifariki siku moja, 23 Aprili 1616.

Shangazi: Hapo sasa niachieni mimi. Siku hiyo kwenye karatasi ni moja, kwenye jua si moja. Hispania ilishahamia kalenda ya Papa Gregory tangu 1582, Uingereza ikagoma mpaka 1752. Walikuwa wamepishana siku kumi. 23 Aprili ya Waingereza kwa Wahispania ilikuwa 3 Mei. Tena Cervantes alikata roho tarehe 22, 23 ni maziko.

Baraka: Shangazi umeniua.

Zuhura: Hakuna hata moja iliyojitokea tu?

Mjomba: Ipo. Adams na Jefferson, marais wa Marekani, 4 Julai 1826. Miaka 50 kamili tangu Azimio la Uhuru walilolitayarisha pamoja. Mmoja ana 90, mwingine 83, wakaondoka kwa kupishana saa chache. Halafu 1831 Monroe naye, rais mwingine, 4 Julai.

Shangazi: Hao wawili walijikaza waione siku. Mgonjwa akiwa na anachokingoja hukiona.

Mjomba: Na Monroe?

Shangazi: Huyo wako, mweleze wewe.

Baraka: Sasa meseji niitume au nisiitume?

Shangazi: Tuma. Futa hao watu kumi.

Babu: NITUMIE NA MIMI. YA JUU IMESHAPOTEA