Mrejesho: Jaji amelisimamisha shauri, hakulifuta

Niliuliza kama ningeweza kulishtaki shirika la reli moja kwa moja kwa kunitoza nauli iliyopita kiasi kwa mizigo yangu, au nianzie kwenye mamlaka ya udhibiti. Jaji, akirejea shauri la Abilene Cotton Oil lililoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1907, alisema kuwa swali la kiwango kinachofaa lianzie kwa mamlaka, ili viwango visitofautiane kutoka mahakama moja hadi nyingine. Nilichohofia zaidi, kusema kweli, ni ukomo wa muda wa kufungua shauri. Lakini amri yake, yenye mistari minne tu, imelisimamisha shauri, hivyo tarehe yangu ya kulifungua inabaki palepale. Dai langu jingine, la shehena iliyolowa, lisilohitaji utaalamu wa mamlaka, litasikilizwa mwezi ujao.