Kaseti ya Super Famicom haiingii kwenye Super Nintendo ya Marekani

Swali: Wakuu, nina Super Nintendo (mashine ya gemu za video) ya soko la Marekani, lakini kaseti ya gemu ya Super Famicom, yaani toleo la Japani la mashine hiyo, haishuki kwenye tundu lake. Je, kuna kizuizi cha kielektroniki pia?

Jibu: Hakuna, ndugu, kwa kuwa mashine za nchi hizo mbili zinakubaliana katika chipu ya ulinzi (inayokagua kama kaseti inaruhusiwa), kinachozuia ni vijino viwili vya plastiki ndani ya tundu, ambavyo wengi huvikata kwa koleo, ingawa mimi ningetafuta adapta (kifaa cha kuunganisha kaseti na tundu) kuliko kuijeruhi mashine ya zamani.

Jibu: Mashine ya Ulaya ni habari nyingine: chipu yake ni tofauti, na kwa kuwa picha yake huenda kwa hezi 50 (mara 50 kwa sekunde) badala ya 60, hata ukitumia adapta gemu nyingi za Japani zitachezeka polepole.

Muulizaji: Vijino nimeviona kwa tochi. Natafuta adapta.