Hivi wakuu wa asasi za sanaa zisizolenga faida wanalipwa kupita kiasi?

FundiTaa ameuliza:

Wakuu, habari za muda huu. Naomba mnisaidie mawazo kwa jambo linalonikera.

Mimi ni fundi taa wa jukwaani. Asasi niliyofanya nayo kazi msimu uliopita haiendeshwi kwa faida: inaishi kwa michango, ruzuku na tiketi. Katikati ya msimu tukaitwa, tukaambiwa mfuko umekauka na kila mtu afunge mkanda. Siku za mazoezi zinazolipwa zikapunguzwa, wanakwaya wakaombwa wajitolee. Tukakubali, maana kazi tunaipenda. Baadaye ripoti ya mwaka ikatoka. Nimeisoma ukurasa kwa ukurasa, na mkurugenzi mtendaji ameongezewa mshahara mwaka uleule. Anachopata peke yake kinazidi malipo ya mafundi wote wa jukwaa tukijumlishwa.

Sina chuki naye, ni mchapakazi. Ninachouliza ni hiki: pesa ambayo watu wameitoa kwa ajili ya sanaa, kiongozi achukue kiasi gani? Na nani mwenye jukumu la kumwambia imetosha?

MhasibuWaJukwaa amejibu:

Mkuu, pole sana. Nimekagua hesabu za asasi za namna hii miaka mingi. Kiasi chenyewe huwa sianzi nacho. Naanza na muhtasari wa kikao cha bodi kilichopanga mshahara. Je, mkurugenzi alitoka nje walipokuwa wakimjadili? Walilinganisha na asasi gani, za ukubwa upi? Sababu ziliandikwa wakati ule, au zilitungwa baadaye kumridhisha mkaguzi? Nimewahi kukuta muhtasari wenye sentensi moja tu, "Bodi iliridhia nyongeza", na aliyesaini kama katibu wa kikao ni mkurugenzi mwenyewe. Hapo hata mshahara uwe mdogo, mimi silali.

Marekani mambo haya yamo kwenye sheria. Asasi kubwa zilizosamehewa kodi hujaza Fomu 990, yaani ripoti yao kwa mamlaka ya kodi, kila mwaka, malipo ya viongozi yakiwemo kwa majina, na mwananchi yeyote anaweza kuisoma. Tangu 1996 kiongozi aliyelipwa kupita stahili hutozwa kodi ya asilimia 25 ya ile ziada, na asipoirudisha inaweza kufika asilimia 200. Sheria ya 2017 ikaongeza kodi ya asilimia 21 kwa malipo yanayozidi dola milioni 1, ila hii hulipwa na asasi. Kwa maoni yangu hii ya pili haijakaa sawa, kwa sababu aliyelipwa haguswi. Inayopungua ni michango ya watu.

Tena msiishie kwenye mstari wa mshahara. Mwaka 2007 ilifahamika kwamba mkurugenzi wa jumba la makumbusho la MoMA, New York, Glenn Lowry, alikuwa amepokea zaidi ya dola milioni 5 kati ya 1995 na 2003 kupitia mfuko uliochangiwa na baadhi ya wajumbe wa bodi, mbali na mshahara wake. Nyumba, gari, pensheni, bonasi: vyote hivyo ni malipo.

DadaDansi amejibu:

Jamani, naomba nitofautiane nanyi kidogo. Mnazungumzia majumba makubwa. Mimi naongoza kikundi kidogo cha dansi, na katika vikundi kama vyetu kiongozi ndiye anayeandika maombi ya ruzuku usiku, asubuhi anafungua ukumbi, na pesa ikichelewa mshahara wake ndio wa kwanza kusubiri.

Wanauchumi William Baumol na William Bowen walilieleza hili mwaka 1966: kiwandani mashine hupunguza watu, lakini wapigaji wanne wa ala za nyuzi leo bado ni wanne, na muda wa wimbo ni uleule. Mishahara huku nje inapanda, kwa hiyo gharama zetu nazo zinapanda bila kazi kuongezeka. Tiketi haziwezi kuziba pengo hilo. Anayeliziba ni mtu anayejua kukaa na wafadhili, na watu wa aina hiyo ni wachache. Mkimpangia ujira wa huruma, kazi hiyo itabaki kwa wale tu ambao familia zao zina uwezo wa kuwatunza. Mnataka sanaa iongozwe na hao tu?

MhasibuWaJukwaa amejibu:

Dada, hilo la mwisho nakuunga mkono kabisa. Viongozi wengi wa vikundi vidogo wanalipwa chini ya haki yao. Lakini kisa cha FundiTaa ni kingine: mwaka mbaya umefika, wa chini wamekatwa, wa juu ameongezwa. Hilo silitetei.

Machi 2020 Metropolitan Opera, jumba la opera la New York, ilipofungwa kwa sababu ya korona, wanamuziki na wanakwaya walikaa miezi mingi bila mshahara, na ugomvi ulikuwa mkali. Hata hivyo meneja mkuu, Peter Gelb, alitangaza mapema kwamba naye hachukui mshahara wake. Linganisha na okestra ya Minnesota Orchestra, hukohuko Marekani. Wanamuziki walifungiwa nje na uongozi, bila kazi wala mshahara, tangu Oktoba 2012 hadi Januari 2014 kwa kukataa makato makubwa, na bonasi alizokuwa amelipwa mkuu wa okestra zikawa mwiba ndani ya mgogoro. Utamshawishije mpiga fidla akubali kukatwa wakati anayemkata amepewa bonasi? Makato yaanzie juu.

FundiTaa amejibu:

Ahsanteni sana, nimeelimika. Dada, nimekuelewa pia. Sasa mhasibu, huo muhtasari sisi hatujawahi kuuona. Fundi wa kawaida anaupataje?

MhasibuWaJukwaa amejibu:

Mara nyingi mihtasari ya bodi haiwekwi wazi, kwa hiyo wanaweza kukunyima. Majibu ndiyo ya kudai. Mwakilishi wenu amwandikie mwenyekiti wa bodi kabla ya mkutano mkuu wa mwaka, nakala kwa mkaguzi wa hesabu. Mtaje mwaka na ukurasa wa ripoti, muulize nani alipitisha nyongeza, lini, na kwa kulinganisha na nani. Andikeni cheo, msiandike jina la mtu. Na msaini wote, wewe usiende peke yako.